Kifuniko cha Tangi la Samaki

Mke wangu alianguka akitoka kuchuma chai. Walipokwisha kumtengeneza nyonga hospitalini Nkubu, daktari alimpa agizo moja: atembee kila siku, hata kama ni kutoka kitandani hadi dirishani. Hakutembea. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, mkongojo mapajani, akaniambia ameshatembea vya kutosha katika maisha yake. Hata sala ya jioni tulianza kuisali tukiwa tumeketi, mimi niliyefundishwa tangu utotoni kwamba mtu akizungumza na Mungu husimama. Nilishukuru kwamba alikuwa hai, nikangoja.

Aliyemwinua hakuwa mimi wala daktari. Binti yetu, anayeishi mtaa wa Dallas pale Embu mjini, alikuwa na tangi la kioo la samaki. Watoto wake walipoingia shule ya bweni hakubaki mtu wa kuwalisha samaki hao, akatuletea: wadogo, rangi ya chungwa, mikia kama leso. Tangi likawekwa juu ya meza nzito karibu na dirisha, upande wa pili wa chumba. Asubuhi iliyofuata nilisikia mkongojo ukigonga sakafu. Mke wangu alikuwa anakwenda kuwapa chakula. Tangu siku hiyo alivuka chumba asubuhi na jioni, na katikati akaongeza safari nyingine, akidai kuna mmoja mlafi anayewanyima wenzake.

Kisha mwezi wa saba ukaingia. Sisi tunakaa juu ya Nkubu, pale migomba inapoanza kuiachia chai nafasi, na mwezi huo ukungu hushuka kutoka msituni ukakaa uani kama mgeni asiye na haraka. Binti alikuwa ametuagiza maji yasipoe sana chini ya nyuzi ishirini na tano. Hita ndogo aliyotuletea ilitosha kule Dallas. Kwetu joto lake lilipanda juu na kupotea, maana tangi lilikuwa wazi, na kila mti ulipoangukia nyaya stima ilikatika. Asubuhi moja kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nane, na samaki wawili walikuwa wamelala juu ya kokoto, wamekufa.

Mke wangu aliwatazama, akarudi kitini.

“Hawa wengine wakiisha,” akasema, “usimwambie alete wengine.”

Jioni hiyo hakuinuka. Niliwalisha mimi. Nikajua kwamba samaki wakifa, miguu ya mke wangu nayo itakuwa imestaafu.

Binti alinieleza kwa simu kwamba kinachohitajika ni kifuniko: sanduku la mbao linalokaa juu ya tangi, taa ndani yake, ili joto lisitoroke. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si fundi, lakini mwalimu wa wakati wetu alijua kutengeneza dawati. Nilikuwa na mbao za mti wa mukima zilizobaki tulipoezeka jikoni, zilizokauka vizuri. Nikapima, nikakata, nikatia bawaba upande wa nyuma na taa ndani. Kifuniko kilitoka kizito, kwa hiyo nikakipa vishikio viwili, kimoja kila pembe ya mbele, ili kiinuliwe kwa mikono miwili. Nilichukulia kwamba mwenye kukiinua nitakuwa mimi.

Halafu mikono yangu ikafanya ilichokijua. Mama yangu alipotaka ndizi ziive wakati wa baridi, alitandika shimo kwa majani makavu ya mgomba, akazifunika, akaziba kila upenyo. Nami nikatandika kifuniko majani makavu kwa ndani, nikaziba nafasi zote kwa nyuzi za mgomba, nikatupia blanketi kuukuu juu. Nilipoangalia jioni, maji yalikuwa yamepata joto. Nilitoa shukrani ndefu, na ndani yake, nakiri, mlikuwa na majivuno kidogo.

Kesho yake mchana alikuja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, anayeuza miraa Kangeta. Alikuja kumwona dada yake, lakini macho yake yalikwenda kwenye blanketi. Akakiinua kifuniko. Mbao zilikuwa zinatiririka maji, kioo kimefunikwa na mvuke, kipimajoto kimepita nyuzi thelathini, na samaki wote wamekuja juu, midomo wazi. Shemeji alicheka mpaka akatafuta kiti.

“Mwalimu, hawa wamekaribia kuiva. Tungoje kesho au tule leo?”

“Hawaliwi,” mke wangu akasema. “Ondoa hiyo blanketi.”

“Na wewe ni mzee wa kanisa,” shemeji akaendelea, akihamisha miraa kutoka shavu moja kwenda jingine. “Watoto wa watu umewafundisha safina mpaka ukastaafu. Nuhu aliweka dirisha, shemeji. Lako liko wapi?”

Nilikuwa na jibu tayari, kuhusu watu wanaoijua safina lakini mlango wa kanisa hawaujui. Nililimeza. Mke wangu alikuwa anacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aanguke, na isitoshe, ndugu yake alikuwa amesema kweli. Ndizi hufungiwa. Kiumbe anayepumua anataka joto na hewa pamoja.

Tuliacha kifuniko wazi, maji yakapoa polepole, kwa sababu binti alikuwa ametuonya tusiwashtue kwa maji baridi. Safari hii hakufa hata mmoja. Kisha nikachukua msumeno. Nilitoboa matundu upande wa nyuma, chini, na juu nikakata kidirisha cha upana wa kiganja, chenye kibao cha kusukuma. Majani niliyatoa ndani. Mke wangu, akiwa kitini, alishona mito miembamba ya gunia, tukaijaza majani hayo na kuiegemeza kwenye kioo, nyuma na ubavuni. Ukungu ukiwepo tulifunga kidirisha. Jua likifika dirishani tulikifungua upana wa vidole viwili. Stima ikipotea, tulijaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, tukaziweka ndani ya tangi zielee mpaka zipoe. Joto la maji likatulia, na mkongojo ukaanza tena kugonga sakafu.

Jaribio lilikuja Jumamosi moja, mti ulipoangukia nyaya na kijiji kizima kikakosa stima. Tulibadilisha chupa siku hiyo yote. Jumapili ilikuwa zamu yangu kusoma neno. Mke wangu aliniambia niende. Nilimwachia thamosi mbili za maji ya moto kando ya tangi, na jirani yetu, mama mwenye moyo mwema, akaahidi kupita kubadilisha chupa.

Ibada iliisha vizuri, ukafuata mnada wa sadaka za mazao. Ndizi ziliuzwa, mayai yakauzwa, kisha akaletwa jogoo mwekundu, na mwanamke mmoja mbele akawa anapandisha bei kwa nguvu. Nikamtazama. Alikuwa jirani yetu.

Sikungoja kujua nani alimpata jogoo. Nilipanda kilima cha kwenda nyumbani nikiomba kwa pumzi iliyobaki.

Nilipofungua mlango, kitu cha kwanza kuona kilikuwa mkongojo. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, peke yake. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya tangi, ameshika vishikio vyote viwili, anakishusha kifuniko taratibu mahali pake. Chupa mpya zilikuwa zinaelea ndani. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na nne, na samaki walikuwa wanazunguka, yule mlafi akiwa mbele.

“Umechelewa,” akasema bila kugeuka. “Maji yalianza kushuka. Samaki hawangoji mnada.”

Nilimuuliza kama amepumzika. Akasema atapumzika akishawapa chakula.

Jioni, stima ikiwa bado haijarudi, nilikaa nianze sala kama tulivyozoea. Yeye aliweka mikono yake juu ya kifuniko cha mukima, akajisukuma, akasimama.

“Leo tusimame,” akasema.

Nilisimama kando yake. Nikaomba kwa kifupi, nikihofia miguu yake, nikasema amina. Mke wangu hakufumbua macho.

“Endelea,” akasema. “Bado nimesimama.”