Taya Langu na Nyumba ya Mdogo Wangu

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Migori, kwa hivyo taya langu lilipoanza kulia ko! kila nikitafuna, sikwenda hospitali. Nilifanya utafiti. Mjuaji kama mimi atatibiwa na nani?

Mshukiwa wa kwanza alikuwa muwa. Huku tunaumenya kwa meno tangu utotoni, na mimi nilikuwa bingwa. Nikaacha muwa, nikalikataza darasa zima, hata nikamgombeza mama wa watu aliyekuwa akiuza vipande langoni mwa shule. Taya likazidi kufura. Nikashuku mahindi ya kuchoma, kisha upepo wa ziwani, kisha mto wa kulalia. Wueh! Nilinunua mito mpaka mke wangu akaniuliza kama nafungua duka.

Mwishowe mdomo ulikataa kupitisha hata kijiko. Nikajipeleka Homa Bay, kwa daktari wa meno aliyekuwa akichunguza watu waliofura kiungo cha taya. Alinibonyeza mbele ya sikio, nikalia kama mbuzi. Akasema wengine huugua kwa baridi yabisi, wengine kwa kuumia, ila misuli yangu ilionyesha nabana meno mchana kutwa bila kujua. Nikambishia. Mimi? Mtu mpole hivi? Akanipa dawa ya kupunguza uvimbe, akaniambia nile vyakula laini na nijikande kwa kitambaa cha moto. Tena, mke wangu anigonge begani kila akiona nimebana meno, tujue kinachosababisha.

Mke wangu aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Lakini alinigonga wakati mmoja tu: mdogo wangu anapopiga simu kutoka nyumbani, Magunga.

Haya, niseme. Kwetu mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa, na mkubwa ni mimi. Mdogo wangu ana mke na watoto, wote wamebanana ndani ya simba, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa. Kila akiniuliza nitajenga lini, namjibu, "Mwezi ujao, omera, ndugu yangu." Eti nilikuwa nangoja nipate jumba linalonifaa, mwalimu mzima!

Siku hiyo alipopiga, nikagongwa begani, nikaachanisha meno. Ule "mwezi ujao" ukakataa kabisa kutoka.

"Mdogo wangu," nikasema, "sijui kama nitawahi kujenga."

Akauliza taratibu, "Kwa hivyo ningoje ufe?"

Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumamosi hiyo, huko Magunga, baba yetu mdogo alitutangulia kiwanjani, mimi nimeshika jogoo na shoka kama desturi inavyotaka. Kufikia jioni nyumba yangu ilikuwa imesimama: chumba kimoja cha mabati, mlango umepinda. Hilo ndilo jumba la mwalimu! Mimi na mke wangu tukalala humo, maana nyumba isipolaliwa siku hiyo haihesabiki.

Kulipopambazuka niliamshwa na sauti ya jembe. Nikatoka na shuka mabegani, nikasimama nikilia, mtu mzima na ndevu zangu. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuchimba msingi wake gizani, na mtaro ulikuwa umeshamfika magotini.