Kalamu Ndani ya Mchele

Wendelin wa Kiberege alikuwa na maneno, jamani! Miaka yote ya ukatekista, msiba gani ulipita bila yeye kusimama? Kisha kiharusi kikamlegeza mikono na kumfunga mdomo. Akabaki anasema kwa kalamu.

Usifikirie biki ya dukani. Hii aliachiwa na padri mgeni aliporudi kwao: nyeusi, ina pete ya dhahabu shingoni na ncha ya dhahabu inayonesa. Unazungusha kitako, inanyonya wino yenyewe. Biki lazima uikandamize, na vidole vyake havikuweza hata kumenya ndizi. Hii unailaza tu kwenye karatasi, inateleza. "Agnetha, chai haina sukari," anaandika, mkewe anacheka, na nyumba ina mume tena.

Jumamosi moja kalamu ikamponyoka, ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Moyo ukamlipuka. Agnetha alikuwa jumuiyani. Huku bondeni simu ikilowa dawa yake inajulikana: ichimbie kwenye mchele. Akajikokota hadi penye magunia ya mchele yaliyotoka mashineni, akaizamisha katika lile ambalo halijashonwa. Masikini, kalamu ya wino huoshwa kwa maji hayo hayo! Lakini hofu haina akili. Akarudi kitini, usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na mngurumo wa fuso. Magunia yote yameshonwa, vijana wa Beatus, mnunuzi wa mchele, wanamalizia kupakia. Wendelin akapiga fimbo chini, akanguruma.

"Bei tulishakubaliana, mume wangu," akasema Agnetha, aliyekwisha kurudi. "Usitutie aibu."

Wendelin akamng'ang'ania kijana mmoja shati. Wakambandua polepole, pole babu, pole.

"Shikamoo mzee," Beatus akapaza sauti kutoka dirishani mwa fuso, "mchele wako utafika Dar salama!" Fuso likaondoka.

Ndipo Agnetha akayaona machozi. Akapiga magoti. "Baba Noela, kuna nini? Si uandike!" Akapapasa mfuko wa shati la mumewe. "Kalamu yako iko wapi?"

Wendelin akanyoosha fimbo barabarani.

"Kaiba nani? Beatus?"

Akatikisa kichwa, akapiga fimbo tena kule kule kwenye vumbi. Agnetha akakimbia ndani, akarudi na karatasi na biki ya mjukuu, akaibana vidoleni mwa mumewe. Wendelin akakandamiza, akakandamiza, jasho likamtoka. Karatasi ikabaki nyeupe, na mkewe bado anamuuliza.