Blauzi Yangu ya Satini kwenye Harusi ya Furaha

Mimi ni mwizi. Jina msiniulize, ila kosa nitalisema lote.

Nashona nguo hapa Nsambya, ugenini. Kwetu ni Kisumu. Vita vilikuwa vimeisha na watu walikuwa wakioana kwa fujo, utadhani mapadri watakwisha! Furaha, Mkongo aliyeuza vitambaa katika chumba kimoja nami, akapata mchumba mfanyakazi wa reli. Akaniletea satini nyeupe aliyoificha mwaka mzima asiiuze.

"Dada, wewe ndiye utanishonea. Mwingine simwamini."

Jamani! Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Wengi hudhani satini ni hariri. Wapi! Satini ni ufumaji tu. Uzi waweza kuwa hariri, waweza kuwa nailoni. Uso unang'aa, mgongo umefifia. Bibi harusi huivaa, mito huvalishwa, hata maiti hulazwa juu yake. Lakini ina roho mbaya: vipande vyote lazima vikatwe vikielekea upande mmoja. Ukigeuza kimoja kichwa chini, mwanga unakuumbua.

Nilijua hayo. Mimi ni fundi! Ila ukivipanga kichwa kwa miguu, kitambaa kinabaki. Kikabaki cha blauzi yangu. Chumba chetu kilikuwa na giza, gauni likaonekana safi. Nikajipongeza, mshenzi mimi.

Tena nikaivaa harusini!

Tulipotoka kanisani, jua likampiga Furaha. Banange! Nusu ya sketi nyeupe pee, nusu kijivu kama maji ya kufulia. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama bibi harusi amekalia kitu. Watu wakacheka, naye machozi yakamlengalenga. Blauzi yangu iling'aa kote sawasawa, maana yangu nilikuwa nimeikata vizuri.

Furaha akatazama gauni lake, akatazama kifua changu. Muuza vitambaa huyo, utamdanganya nini? Hakunitukana. Akaniita mbele ya mpiga picha.

"Kuja, simama hapa karibu na mimi. Hapa jua ni muzuri."

Tangu siku hiyo hajaniita dada. Ananiita fundi. Picha ameitundika ukutani, mbele ya cherehani yangu, na wateja wakiulizia habari za picha hiyo anawaambia waniulize mimi.

Mafundi wenzangu, kama lazima muibe, ibeni jinzi. Satini iacheni. Na cha rafiki usikiguse hata kikiwa gunia.