Simu Yenye Spika ya Nje

Miaka ile ya soko huria, bidhaa zilipoanza kumiminika Songea, mimi nilikuwa mgonjwa wa simu. Nasema mgonjwa, si mshabiki. Nilikuwa nashona nguo Bombambili, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la simu ambalo mwenye duka alijua zaidi kusifu mzigo ambao haujafika kuliko ule ulio kabatini. "Subirini inayokuja," alikuwa anatuambia. Inayokuja ilikuwa na kioo cha rangi, redio humo humo ndani, kamera, betri isiyoisha ovyo, na milio inayoimba kama kwaya nzima. Nilikuwa naacha pindo la sketi ya mteja linaning'inia, navuka kwenda kusikiliza. Jamani, nilivyoipenda simu ambayo sijaiona hata kwa picha!

Jioni nikirudi nyumbani Ruhuwiko namsimulia mama. Nilikuwa napaza sauti, maana masikio yake yalishaanza kumgomea, na yeye hakutaka mtu alijue hilo. Sisi wanawe tulijua, tukanyamaza. Habari za kamera hazikumgusa. "Nimpige picha nani, kuku?" Lakini nilipofika kwenye spika ya nje, kwamba unaiweka simu mezani na sauti inajaa sebule nzima, aliacha kuchambua maharage.

"Hapo rudia," akasema.

Nilijua kinachomsumbua. Dada yake, mama mkubwa wetu, alikuwa ameolewa Nakapanya, kule Tunduru kwenye korosho, na masika barabara ile ilikuwa haipitiki. Walikuwa hawajaonana miaka. Mtandao ulipofika huko, kabla ya habari hizi za spika, tulikuwa tumepanga siku kwa kumtumia dereva wa lori. Mama mkubwa akaazima simu ya jirani, akapanda juu ya kichuguu, maana kijijini kwao mtandao ulishika hapo tu. Mimi nikampeleka mama kwenye kibanda cha kupigisha simu. Mama akapiga goti pale pale barabarani, simu sikioni.

"Shikamoo dada!"

Hakusikia kitu. Akaamkia tena. Sasa kwetu, mkubwa hajaitikia, utaanzaje habari nyingine? Basi mama akaamkia, akaamkia, watu wamejaa wanatutazama, mpaka simu ikakatika. Nilikuwa nimemwambia aseme tu alichonacho. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo.

Dereva aliporudi alituletea majibu. Mama mkubwa amewaka! Yeye si mtoto wa kupandishwa kwenye kichuguu na magoti yake mabovu, aitikie mpaka koo likauke, kumbe mdogo wake anamfanyia mchezo. Asipigiwe simu tena. Mama aliumia, chakula kikawa hakipiti. Nilipotaka dereva akamweleze dada mtu ukweli, mama alinikemea.

"Thubutu! Habari za masikio yangu zizungushwe kwenye malori? Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Basi toka jioni ile ya spika tukawa tunaingojea simu wawili, kila mtu na lake. Nikifika mlangoni tu, "Imefika?" Mwenye duka naye alikuwa kigeugeu. Leo ina tochi, kesho tochi hamna. Mama wala hakujali. "Sauti hawajaipunguza?" Hawajaipunguza, mama. Siku moja akaniambia anaogopa. Kengele ya kanisani alikuwa haisikii tena vizuri, na akaona simu itamkuta masikio yameshafunga kabisa.

Ikafika, nikainunua. Na nisiwe mwizi wa fadhila, ilizishinda sifa zake. Nyepesi, inakaa kiganjani vizuri, vitufe laini, kioo kikiwaka utadhani asubuhi imeingia ndani. Niliifuta kwa kitambaa cha hariri cha mteja. Nikambembeleza dereva, akambembeleza mama mkubwa, akakubali kupanda kichuguu mara ya mwisho, Jumapili baada ya sisi kutoka misa.

Nikapiga, nikaiweka mezani, nikabonyeza ile alama ya spika.

"Haya, leo mchezo gani?" Sebule ikajaa sauti ya mama mkubwa. Mama alishapiga goti, sikio limegusa simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Mama akanyamaza. Nikajua hata leo hakusikia. Kumbe alikuwa analia.

"Dada, siku ile sikukusikia. Masikio yangu yanakwisha."

Tukasikia upepo tu wa Nakapanya. "Ulikuwa hunisikii?"

"Sikusikia hata neno."

"Na ukawa unaniamkia vile vile?"

"Sasa nikupite bila shikamoo, dada?"

"Yarabi! Na mimi nimekununia muda wote huu!" Akaangua kilio juu ya kichuguu, mbele za watu, na simu ile, Mungu aibariki, ikatuletea kila kwikwi. Kisha akajikohoza. "Niamkie tena, mdogo wangu."

Mama akaamkia. Mama mkubwa akaitikia kwa sauti kubwa hata majirani zetu wa Ruhuwiko wakatoka nje kutazama ni mgeni gani ameingia kwetu.