Nyota Iliyonyooshwa

Dada yangu ni fundi cherehani, wateja wanamwita Rula. Mshono wake upime popote utakapo, haupishani hata unywele. Mimi napiga pasi na kushona vifungo, halafu naongea na wateja, maana dada akiachiwa wateja atawafukuza wote kwa kununa.

Mjukuu wake, tunamwita Nukta kwa udogo wake, alikuwa na miaka saba. Mama yake anafanya kazi za zamu, hivyo likizo ya Desemba mtoto hukaa kwetu. Baba yake, mwana wa pekee wa dada, alikuwa mbali kwenye ujenzi wa barabara, na Krismasi hiyo, ya pili mfululizo, alinyimwa ruhusa. Nukta akamwambia kwenye simu, "Baba, nitakutumia nyota. Nitaishona mwenyewe."

"Naisubiri, mama," akajibu baba yake.

Mapambo ya Krismasi kwetu ni ya bure. Tuna gunia la vipande vya nguo chini ya meza. Unachora nyota kwa chaki, unakata mbili, unazishona pamoja, unajaza vitambaa vilivyochanika, unatia kitanzi cha uzi, basi. Dada alishona kengele kumi na mbili za kutundika mlangoni. Nukta alikazana na nyota moja tu siku mbili nzima, ya njano, ulimi nje. Lo, mshono ule! Huku mrefu, huku mfupi, pale umeruka kabisa. Pembe moja imenona, nyingine imekonda. Alijichoma sindano mara tatu na hakulia.

Siku ya tatu tulimtuma dukani. Dada akaichukua ile nyota, akaigeuza, akaguna. Kisha akashika wembe akaifumua, akaishona upya. Dakika kumi hazikufika. Nami nilikuwa pale pale na pasi yangu, nikamtazama tu. Nilijiambia mzigo wa baba yake utaonwa na wenzake kazini, si vizuri fundi kuaibika. Upumbavu mtupu, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Nukta aliporudi akaishika. "Bibi, yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo? Nimeinyoosha kidogo tu."

"Hii ni yako."

Hakupiga kelele. Aliiweka mezani, akaenda kukaa kizingitini. Nikamfuata, "Njoo ushone nyingine, mjukuu wangu, Bibi Mdogo nitakutungia uzi."

"Sijui kushona," akasema.

Hapo ndipo dada aliposhtuka. Wanasema majuto ni mjukuu. Yake yalikuwa yamekaa mlangoni yakimpa kisogo. Alifumua mshono wake mwenyewe, akajaribu kushona upogo kama alivyoshona mtoto. Wapi! Akiruka kidogo, vidole vinarudi vyenyewe. Akafumba macho, uzi ukanyooka vile vile. Miaka arobaini ya kunyoosha nguo za watu, mkono utasahau leo? Akafumua, akashona, akafumua tena, mpaka kitambaa kikaanza kutoboka. "Mkono gani huu, jamani!" akasema, akaitupa sindano. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha nikaona analia.

Kesho yake dereva wa lori alikuja kuchukua mzigo. Nukta alikataa kushika hata kipande cha kitambaa. Basi tukaitia nyota ile ile, imenyooka sawasawa, kati ya soksi na sabuni. Nikamwambia dada, "Tulia. Mwanamume anajua nini habari za mishono?"

Wiki ya Krismasi baba yake Nukta akapiga simu. Mikono ya dada ilikuwa imejaa kazi, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Mwanawe akamwamkia, akaniamkia na mimi, akashukuru kwa soksi.

"Na nyota je?" dada akauliza. "Umeiona?"

"Nimeiona, Mama. Nzuri sana. Lakini Mama, mimi nimekulia ndani ya nguo zako. Mshono wako naujua hata gizani. Ya mwanangu iko wapi?"

Dada akaweka kazi chini. Nukta alikuwa amesimama kando ya cherehani, anamtazama bibi yake usoni, akingoja naye ajibiwe.