Siku Mashine ya Kukereza Ilipofungwa Namba

Mjukuu wangu ni fundi wa kukereza vyuma. Nalisema hilo kwanza kwa sababu watu wakisikia msichana yuko karakana pale Kasulu mjini, wanauliza kama anawapikia mafundi chai. Hapiki chai. Hata ya kwake inapoa yeye akiwa ameinamia chuma.

Cheti alikipata chuoni, cha kukereza hasa. Lakini fundi mkuu wa karakana, mzee wa rika langu, alimweka kwenye mageti, achomelee. Miaka miwili mtoto anachomelea mageti! Mashine ya kukereza hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mzee. Ni mashine kuukuu, rangi imebaki miguuni tu. Chuma kinazunguka, kisu kinakimenya, na kisu hicho kinasogezwa kwa kuzungusha mkono. Mzee alikuwa anahesabu mizunguko ya ule mkono kwa Kiha, kwa sauti: rimwe, kabiri, gatatu. Ukimsemesha katikati anakutukana, halafu anaanza upya.

Basi macho yake yakaingia ukungu. Shafti mbili zikarudishwa na wenyewe, zinacheza ndani ya beringi kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Ndipo mjukuu wangu akamwambia, "Mzee, tufunge kipimo cha namba. Kisu kikisogea, kioo kinakuonyesha kimesogea kiasi gani. Huhesabu tena."

Mzee akamjibu, "Funga. Lakini shafti ya kwanza ukiiharibu, unang'oa televisheni yako na unarudi kwenye mageti. Na usinisemeshe habari ya kukereza tena."

Siku ya kukifunga nilipanda bodaboda kutoka Heru Juu, bakuli la maharage mapajani, nikasema nimeleta chakula. Uongo mtupu. Nilitaka kuona.

Nikapewa kiti karibu na mlango. Mjukuu wangu, mke mwenzangu kama ninavyomwita kwa utani, alikuwa na fito mbili za kupimia. Ndefu aliifunga nyuma ya mashine, ifuate urefu wake. Fupi aliiweka pale kisu kinapoingia na kutoka. Alitoboa matundu, akachonga nyuzi za skrubu ndani yake, hana haraka. Kabla ya kukaza akapitisha kisaa chenye mshale juu ya fito, mwanzo hadi mwisho. Mshale ukitikisika, anajua imepinda. Upande mmoja ulikuwa chini kidogo. Akakata kopo la soda, akachomeka kipande chembamba chini ya fito, akapima tena. Mshale ukatulia. Juu akaziba kwa bati ili vyuma vinavyomenywa visidondokee.

"Mama," mzee akaniambia, "mjukuu wako anapamba mashine kama bibi harusi."

"Wewe umeiacha uchi miaka thelathini," nikamwambia. "Acha ivalishwe."

Vijana wa kuchomelea wakacheka mpaka wakaacha kazi.

Kioo kikawashwa, namba nyekundu. Sasa alikuwepo mwenye mashine ya kusaga muhogo, ametoka Kitahana na shafti yake iliyokatika, amekaa juu ya ndoo anasubiri. Chuma kizuri cha kuchongea mpya kilikuwa kimoja tu. Kikiharibika, mashine ya Kitahana imelala, na mjukuu wangu amelala nayo.

Mzee akasema ajaribu yeye kwanza. Akazungusha mkono kuingiza kisu, namba zikakimbia. Akafanya kama alivyozoea maisha yake yote, akaurudisha nyuma robo mzunguko. Namba hazikutikisika. Akaurudisha mbele. Kimya.

"Imekufa!" akapiga kofi. "Nimezungusha, nyie wote mmeona nimezungusha, yenyewe imekodoa macho tu! Ng'oa."

Vijana wakapiga miluzi. Yule wa Kitahana akainuka, akakishika chuma chake kama mtu anayechukua mtoto kwa mganga asiyemwamini. Nilimtazama mjukuu wangu nikaona shingo imemvimba, nikajua atalia au atatukana.

Hakufanya hata kimoja. Alichukua kile kisaa cha mshale, akakigusisha kwenye kishikio cha kisu.

"Mzee, urudishe tena. Taratibu."

Mzee akarudisha. Mshale umesimama. Namba zimesimama.

"Kisu hakijasogea, mzee. Umesogea mkono wako tu. Skrubu ya ndani imelika, unazunguka hewani kabla haijashika. Endelea."

Akaendelea. Kwanza hakuna kitu. Halafu kidogo tu, mshale na namba vikaondoka pamoja.

"Kama jembe lililolegea," nikasema. "Mpini unakwenda, jembe limebaki."

"Nimeelewa, mama," mzee akasema kwa ukali. Akauchezesha tena ule mkono, akausikiliza. Nadhani alikuwa anazihesabu zile shafti mbili zilizorudishwa moyoni, maana uso ulimshuka. Kisha akavua glavu akasimama kando ya mashine. Sijawahi kumwona amesimama kando. Akamwambia, "Kereza."

Akakereza. Chuma kilitoka kimejikunja kama nywele za mzungu. Alimenya, akapima, akasogeza unene wa unywele mmoja, akapima. Mwisho akachukua beringi, akaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao. Ikapanda kwenye shafti. Ikakaa. Mzee akaitikisa kwa mikono miwili, akaitikisa tena kwa hasira, ikakataa kucheza. Yule wa Kitahana akaibeba shafti begani hata hakungoja ifutwe oili.

Mzee akakaa kwenye ile ndoo. "Kesho uje mapema," akamwambia. "Mageti watachomelea hao wanaopiga miluzi. Wewe utanionyesha namna ya kuzirudisha namba kwenye sifuri."

"Sawa, mzee."

Mimi nikaondoka bila kuaga vizuri, nisije nikapiga vigelegele kwenye karakana ya watu. Kwenye bodaboda nilimweleza dereva kila kitu, kopo la soda, mshale, unywele, mpaka akazima pikipiki.

"Bibi," akasema, "tumefika kitambo."

"Tulia," nikamwambia. "Beringi haijapanda bado."