Maana ya Stedi

Neno lenyewe nililikuta nyumbani. Baba alikuwa mpakiaji kwenye shamba la mkonge nje ya Korogwe, akijaza na wenzake majani kwenye troli za reli ndogo. Mzigo ukianza kuinama, mnyapara alipiga kelele, "Stedi!" na wote wakaushika mpaka ukae sawa. Kwetu Masuguru baba alilitumia kwa kila kitu. Meza iliyowekewa kigae chini ya mguu ilikuwa stedi. Mlevi aliyekwenda zake bila kuanguka alikuwa stedi. Na nilipoposwa na mkulima wa Mazingara, baba alimwangalia mgeni akila, kisha akamwambia mama, "Huyu ni stedi."

"Umejuaje?"

"Hana haraka na nyama."

Nikaolewa Mazingara. Mume wangu aliishi na mama yake, mjane mfupi, mkali wa jembe, mwenye shamba la mihogo lililoshuka mpaka korongoni. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nilipewa kufundisha kisomo cha watu wazima. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, na hakukubali kutoka siku ya kwanza mpaka ameandika jina lake lote.

Kisha ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Bwana mmoja kutoka wilayani alituita mkutanoni akaeleza habari za shule, zahanati na bomba la maji. "Mmetawanyika mno," alisema. "Tunataka kila mwananchi awe stedi."

Mzee mmoja akauliza stedi ndiyo nini. Yule bwana akaninyooshea kidole. "Mwalimu wenu yupo. Awaeleze."

Nikasimama, mtoto mgongoni. Ningeweza kusema ni maendeleo, mambo yakaisha. Lakini nililijua neno lile tangu utotoni.

"Stedi," nikasema, "ni kitu kilichokaa mahali pake, hakiyumbi."

Mama mkwe akainuka. "Basi ndugu, mimi nimekaa hapa tangu nilipokuja bibi harusi. Mume wangu nimemzika pale. Sijayumba. Anayetaka kunisukuma ni nani?"

Watu wakacheka. Mkutano ulipokwisha, yule bwana alinifuata. "Umeliharibu neno langu."

"Nimelieleza lilivyo, ndugu. Kama halikufai, tafuta lingine."

Juma lililofuata nilinyang'anywa darasa. Halafu wakaja mgambo na lori. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni juu ya kinu kilichopinduliwa. Walipanda wakaanza kung'oa nyasi za paa, vumbi likatumwagikia vichwani. Mume wangu alimbembeleza, "Mama, inuka twende." Nilimwona mama mkwe akiangalia ukuta aliouziba kwa udongo mwenyewe. Akainuka, lakini lori alilikataa. Nikatembea naye kwa miguu mpaka jua likatuelemea, nikilia njia nzima.

Kule tulipewa kiwanja kwenye mstari, nyumba zimepangwa kama wanafunzi wa gwaride. Bomba halikufika. Kila alfajiri mimi na mama mkwe tulirudi kwenye mihogo yetu. Katibu wa kijiji akatusimamisha njiani.

"Bibi, nyie mmeandikishwa hapa."

"Mmeandika nilale hapa," akamjibu. "Hamkuandika nile hapa."

Mwaka uliofuata mvua zilikataa. Mahindi ya shamba la pamoja yalikauka yakiwa magotini. Mihogo yetu ilisimama. Watu wakaanza kutufuata na vikapu, na mke wa katibu akiwamo, uso ameuinamisha. Nilitaka kumkatalia, nakiri. Mama mkwe alinitazama mara moja tu, akachukua jembe akamchimbia mwenyewe, kikapu kikajaa.

Baada ya hapo tukajenga kibanda shambani. Tulisema ni cha kulinda nguruwe pori, na kweli nguruwe walikuwapo. Baadaye tukaongeza jiko. Baadaye chumba cha pili. Siku moja katibu akaja, akachungulia ndani.

"Shemeji, nguruwe gani hao wanaolindwa kwa vitanda viwili na kabati?"

"Wakubwa," nikasema.

Nikamkaribisha chai, akanywa, akaaga. Nilingoja lori juma hilo na lililofuata, panga nimeliegemeza mlangoni, ingawa sijui ningelifanyia nini. Lori halikuja. Mume wangu akaacha kulala kule kijijini, akahamisha mbuzi, na mtoto wetu wa tatu akazaliwa katika chumba kile cha pili, mama mkwe akiwa mkunga, akinifokea nisukume.